TAHADHARI: Miche ya waridi yenye nundu shinani, Mbeya, Iringa na Njombe

Mnaonunua mawaridi ya kando ya barabara, kuweni macho. Wapo wauzaji wanaopitisha miche yenye nundu za ugonjwa, na ukiuliza unajibiwa, “Hapo ndipo ilipobebeshwa, mama, usiwe na wasiwasi.” Msikubali.

Palipobebeshwa, yaani tawi la waridi moja lilipounganishwa na shina la jingine, huwa mahali pamoja tu, juu ya mizizi, na gome lake ni la kawaida. Nundu ya ugonjwa hutokea ubavuni, hasa kwenye shingo ya mche, shina linapokutana na mizizi. Ikiwa changa ina rangi ya maziwa na kucha inazama kama kwenye kiazi kilichoiva. Ikikomaa inakuwa ya kahawia, ngumu, imepasukapasuka. Vinundu vidogo kama shanga ndani ya mizizi myembamba ni kitu kingine, hiyo ni minyoo fundo, minyoo midogo ya udongoni inayoshambulia mizizi. Nao mche huo usinunue.

Hila yao ni kurundika udongo wa kiriba hadi ufunike shingo, au kuikata nundu kwa kisu na kupaka kidonda tope. Kabla ya kulipa, fukua kwa kidole sentimita 3 hadi 5 kuzunguka shina. Muuzaji akikuzuia, ondoka. Tena msidanganywe na miche ya mwezi wa 6 na wa 7: kwa baridi yetu nundu hukua polepole mno, mche unaonekana safi, joto likirudi unavimba.

Anayekuuzia mrututu (dawa ya chumvi ya shaba) kama “dawa ya nundu” anakuibia mara ya pili. Bakteria aitwaye Agrobacterium huingia kwenye jeraha na kupandikiza vinasaba vyake ndani ya mche. Tangu hapo nundu hujikuza yenyewe hata bakteria wakifa. Hakuna cha kunyunyizia kitakachoiondoa.

Uliyekwisha kupanda, ng'oa mche na mizizi yote, uchome, usiutupe kwenye mboji. Mkasi na jembe vioshwe udongo kwanza, kisha viloweke kwenye jiki, sehemu 1 kwa maji sehemu 9, halafu suuza maana jiki hula chuma. Shimo hilo lisipandwe waridi, pichi wala tofaa kwa miaka 2 au zaidi, mahindi hayadhuriki. Ukitaka uhakika, funga mche mzima na mizizi yake kwenye gazeti, upeleke TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo huko Mbeya, ungali mbichi.