Kebo tatu, adapta mbili na maandishi ya marehemu baba

Marehemu baba alituachia laptopu ya Toshiba yenye chipu ya 486 na mfumo wa zamani wa DOS 6.2. Ndani yake, kwa programu ya WordPerfect 5.1, aliandika historia ya ukoo wetu aliyoisikiliza kwa wazee wa Upareni kati ya 1994 na 1996. Wazee wale wote wametangulia mbele za haki. Kisomeo cha flopi kilishakufa, plastiki imekauka hata naogopa kuifungua nitoe diski kuu (hard disk), na tundu la USB haina, maana USB yenyewe ilitoka 1996. Ikabaki njia moja tu ya kuyahamishia maandishi kwenye kompyuta yangu: poti ya siriali, ile ya pini tisa kule nyuma.

Adapta ya kwanza, ya kuunganisha poti hiyo na USB ya kompyuta yangu, niliinunua Kariakoo kwa shilingi 15,000. Windows iliiona, lakini draiva, yaani programu ya kuiendesha, ikakataa kufanya nayo kazi. Chipu ilikuwa ya bandia. Ya pili, yenye chipu ya kampuni ya FTDI, ilinigharimu shilingi 55,000. Mfumo wa Linux uliitambua papo hapo, na Windows ikajipakulia draiva. Hadi leo haijanisumbua hata siku moja.

Nikadhani kazi imekwisha, kumbe tatizo kubwa lilikuwa kebo.

Adapta ina pini za kiume, na laptopu ya baba vilevile. Muuzaji alinipa kebo yenye vichwa viwili vya kike, ikaingia vizuri kabisa pande zote mbili. Haikupita hata herufi moja. Kebo ile ilikuwa ya kunyoosha: pini 2 inakwenda 2, na 3 inakwenda 3. Kompyuta mbili zikiunganishwa hivyo, zote zinazungumza kwenye waya mmoja na zote zinasikiliza kwenye waya mwingine. Inayotakiwa ni kebo ya kukingama, wenyewe huiita nal modemu (null modem), ambamo 2 ya huku inakwenda kwenye 3 ya kule. Kwa nje hazina tofauti. Nendeni dukani na mita ya kupimia umeme, mpime pini kwa pini kabla ya kulipa.

Kebo ya pili ilikuwa ya kukingama kweli, ila ndani ina nyaya tatu tu: kutuma, kupokea na gando (ground). Nilipoandika amri ya kunakili, COPY, kuelekea COM1, jina la poti hiyo kwenye DOS, DOS ilisubiri kidogo kisha ikasema imeshindwa kuandika. Jambo hili lilinila siku nne. Sababu yake ni kwamba DOS, inapotuma kwa njia hiyo, hupitia BIOS, programu ya msingi iliyomo ndani ya mashine, na BIOS haitoi hata baiti moja mpaka ipate ishara mbili kutoka upande wa pili: DSR (niko tayari) kwenye pini 6 na CTS (ruhusa ya kutuma) kwenye pini 8. Nyaya hizo kwenye kebo yangu hazikuwepo, kwa hiyo ilikuwa inangoja ruhusa ambayo isingefika kamwe.

Ya tatu nilitengenezewa na fundi kwa shilingi 20,000, na hii ndiyo ninayoisifu kwa moyo wote. Alikingamisha 2 na 3, kisha 7 na 8, akaipeleka 4 ya kila upande kwenye 6 na 1 za upande wa pili, na 5 kwa 5. Alilehemu mbele ya macho yangu, akapima kila waya. Mwenye mkono namna hiyo msimpunguzie bei.

Upande wa Toshiba niliandika MODE COM1:9600,N,8,1,P. Ile P ya mwisho huifanya DOS iendelee kujaribu badala ya kukata tamaa. Upande wa Linux niliweka kasi hiyohiyo ya 9600, nikawasha crtscts (mpangilio wa kusubiriana kupitia nyaya za 7 na 8) na kuelekeza kinachoingia kwenye faili. Faili la kwanza lilifika limekatika. Nilikuwa nimesahau /B kwenye COPY, na bila hiyo DOS huishia pale inapokuta baiti namba 26 ikidhani ndio mwisho wa maandishi. Baada ya hapo kila faili nililinganisha ukubwa wake baiti kwa baiti na ule unaoonyeshwa na DIR, amri ya kuorodhesha mafaili. Kwa kasi hiyo zinapita baiti 960 hivi kwa sekunde. Faili kubwa kuliko yote, la KB 61, lilichukua dakika moja na sekunde chache.

Angalizo kwa wenye zile adapta ndogo za Arduino (vibao vya kujifunzia elektroniki) za volti 3.3 au 5: msizichomeke moja kwa moja kwenye poti ya namna hii. RS-232, yaani kiwango cha umeme cha poti hizi, inaweza kutoa volti 12, chanya na hasi, na itaziunguza. Lazima katikati kuwe na chipu ya kubadilisha volti kama MAX232.

Programu ya LibreOffice ilifungua mafaili yote 22. La kwanza linaanza na jina la bibi mzaa baba, na chini yake baba ameandika siku aliyokaa naye barazani akimsimulia.