TAHADHARI TANGA: Karavani kuukuu "linalotaka rangi tu"

Ndugu zangu wa Tanga mjini, Muheza na Pangani, kuna mtu anazungusha picha za karavani, lile tela lenye nyumba ndani. Anasema limetoka Uingereza, limekaa tu bila kazi, linataka rangi na magodoro basi. Anawawinda hasa watu wanaotafuta mgahawa wa kuhamishika au chumba cha wageni ufukweni. Msimtumie pesa. Mimi ni fundi bodi na nimelikagua tela hilo mwenyewe. Wateja wangu walipolikataa nilidhani yameisha, kumbe picha zimerudi, rangi imebadilishwa na bei imepanda. Mara ya kwanza lilikuwa njia ya Pangani, sasa anasema liko Muheza.

Walioniita ni kina mama wa kikundi cha mapishi hapa mjini. Walitaka jiko la kuvutwa na gari, wauze chakula Raskazone siku za mapumziko. Walishatakiwa laki tano "ya kulishikilia" kwa sababu eti kuna mteja wa Dar es Salaam yuko njiani. Shemeji yangu, mmoja wao, akanipigia: "Shemeji, hatutoi hata mia mpaka uje ututazamie."

Kwa mbali lilipendeza. Rangi inang'aa, mapazia mapya, sakafu imetandikwa zulia la plastiki. Ndani limefukizwa udi. Udi naupenda, lakini kwenye karavani linalouzwa harufu kali hivyo inanitia shaka, maana cha kwanza kinachokwambia ukweli mle ndani ni pua. Tulifungua milango na madirisha yote, tukangoja. Udi ulipopungua, ikabaki harufu ya kuvu.

Mjue jinsi makaravani mengi ya zamani yalivyojengwa. Nje ni bati jembamba la alumini, ndani plaiwudi nyembamba, na katikati kuna fremu ya mbao na povu la kuzuia joto. Bati halibebi uzito wa maana, kazi hiyo ni ya mbao. Maji huingilia kwenye pembe ambako mabati yamekutana chini ya ukanda wa alumini, kwenye fremu za madirisha, kwenye tundu la hewa la paani na nyuma ya taa za nje. Gundi ya kuziba maungio hukauka na kupasuka, na kila masika maji yanateremka ndani ya ukuta bila mtu kuyaona. Mbao inaoza imefunikwa pande zote mbili. Ndiyo maana mtu anaweza kulala humo miaka asijue kwamba ukuta umekwisha.

Nilibonyeza kwa kidole gumba chini ya dirisha la mbele, ukuta ukabonyea. Nikakanyaga sakafu karibu na mlango, ikanesa. Nikaomba kufungua ukanda mmoja tu wa pembeni. Yule bwana akaja juu: "Fundi, usiharibu mali ya watu!" Nikamwambia skrubu nitazirudisha mwenyewe. Hazikuhitaji hata bisibisi, zilitoka kwa vidole, kwa sababu hazikuwa zimeshika kitu. Nyuma yake mbao ilimwagika kama ugoro. Juu ya uozo huo palikuwa na silikoni mbichi na puti, kisha rangi. Huyu hakuwa mtu asiyejua hali ya mali yake. Aliuona uozo, akaufunika, akaja kuuza.

Kwenye kona ya nyuma, mguu wa kusimamishia tela ulikuwa umekaa juu ya udongo mtupu, na mchwa walikuwa wamepanda nao hadi sakafuni.

Chini ya tela nako kulikuwa na kazi ya brashi. Chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba tela zima, za makaravani mengi ya Uingereza tangu miaka ya 1980 zimepakwa zinki kiwandani, rangi yake ni ya kijivu iliyofifia. Ukikuta chesisi ya namna hiyo imepakwa rangi nyeusi juzijuzi, chukua nyundo ndogo uigonge taratibu kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia, chuma kilicholiwa kinatoa sauti ya kufa. Hapa kwetu upepo wa bahari haumwonei mtu huruma. Hata alumini huliwa, hasa pale ilipogusana na skrubu za chuma, ila haitoi kutu nyekundu, inatoa unga mweupe. Tazama pia ekseli, chuma kinachoshika magurudumu. Nyingi hazina springi za mabamba ya chuma, zina mpira uliofungiwa ndani ya bomba. Mpira huo ukichoka gurudumu linazama na tairi linalika upande wa ndani. Haufunguliwi ukarekebishwa, ekseli nzima hubadilishwa.

Matairi alisema ni mapya. Kwenye ubavu wa tairi, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: mbili za wiki na mbili za mwaka. Yale yalisoma 3509, yaani wiki ya 35 ya mwaka 2009. Yalikuwa yamepakwa dawa ya kung'arisha tu.

Friji la gesi hakulisemea sana, lakini nyuma yake palikuwa na unga wa manjano na harufu kali ya mkojo. Hiyo ni amonia iliyovuja. Mtambo wa kupoza umekufa.

Sasa makaratasi, na hapa ndipo ninapowaomba muwe wakali zaidi. Alisema tela ni la mzungu aliyeondoka akamwachia. Tela lina usajili wake TRA kama gari lilivyo na wake, lina kadi na namba ya chesisi. Yeye alikuwa na barua ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa, basi. Mwenyekiti wa mtaa anashuhudia kwamba watu wawili wametia sahihi mbele yake. Muhuri wake hauthibitishi kwamba muuzaji ndiye mwenye mali. Na kama tela liliingia na msafiri kwa kibali cha muda, kupitia Horohoro au kwingine, ushuru wake haujalipwa, na forodha wanaweza kulikamata likiwa kwako. Makaravani ya Uingereza ya kuanzia 1992 huwa na namba ya utambulisho iliyochorwa kwenye vioo vya madirisha, nayo inapaswa kufanana na ya chesisi. Kwenye hili, vioo vilikuwa vimesuguliwa mahali pale pale ambapo namba hukaa. Nilipomuuliza alisema ni mikwaruzo ya mchanga.

Sisemi kila karavani kuukuu ni hasara. Kama fremu ni kavu, chesisi inalia vizuri na kadi ipo kwa jina la anayeuza, basi magodoro yaliyochanika, bomba lililopasuka, nyaya za zamani na hata friji bovu visikutishe. Vyote hivyo mafundi wa Ngamiani wanavimudu, na bei utaipunguza kwa haki. Mimi ningelifufua la namna hiyo kwa moyo mmoja. Chesisi ikiwa nzima na makaratasi safi lakini bodi imeoza, bado unaweza kulinunua kwa bei ya chesisi peke yake, uvunje bodi na kujenga boksi jipya. Kwa jiko la biashara hilo ni bora zaidi, maana unapanga dirisha la kuuzia na dohani unavyotaka. Lakini fremu imeoza na makaratasi hayapo? Hata ukipewa bure usilichukue.

Karavani lolote unalotaka kununua, nenda kulikagua baada ya mvua. Kama ni kiangazi, nenda na ndoo, mwagia maji paani na kwenye pembe, kisha kaa ndani na tochi. Anayekukataza amekupa jibu. Fundi mwenye kipimo cha unyevu akupimie kuta: chini ya asilimia 15 ni sawa, zaidi ya 20 kuna maji yanaingia, zaidi ya 30 jihesabie kwamba fremu imeharibika.

Kina mama wale hawakutoa kitu. Ila nimesikia kwamba kuna kijana ameshatuma pesa ya kulishikilia, na jina lililotokea kwenye muamala si la yule anayejitambulisha kwenye simu. Kama ni wewe, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako sasa hivi uombe muamala uzuiwe, nenda kituo cha polisi uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako, na ripoti namba hiyo ya simu kwenda 15040. Usifute ujumbe wake hata mmoja, na zile sauti alizokurekodia uzitunze pia.