Kabla hujanunua sarafu za eFootball, zijue kwanza habari za Konami

Haya ndugu zangu, karibuni tena. Shikamooni wakubwa mnaotutazama kwenye simu za wajukuu.

Kabla sijawasha gemu yenyewe, hebu tazameni hiki nilichokishika. Nakisogeza karibu na kamera... mnakiona? Sarafu ya shilingi 200 ya Uganda, ile yenye samaki. Mwaka 2007 hivi, pale Walukuba, Jinja, hii ndiyo iliyokuwa tiketi yangu. Unampa Haji mwenye kibanda, anaitupia kwenye kopo la maziwa ya unga, unasikia *kling*, halafu unakabidhiwa padi. Mechi moja. Ukifungwa, unapisha mwenzako, na kama mfukoni hakuna samaki mwingine basi unasimama nyuma ya benchi unakuwa kocha wa bure.

Gemu ilikuwa Winning Eleven, ya mpira wa miguu. Leo iko humu kwenye simu yangu, jina lake eFootball, na kuipakua ni bure. Kila nikikaa kwenye steji ya boda kuna kijana ananiuliza: kaka, ile gemu inafaa au inamaliza bando tu? Nitajibu. Ila gemu hii huielewi vizuri bila kuwajua wenyewe, kwa hiyo vumilieni kidogo.

Wenyewe ni Konami, kampuni inayoitengeneza. Walianza tarehe 21 Machi 1969, Osaka, Japani. Mwanzilishi, Bwana Kagemasa Kozuki, wala hakuanza na gemu. Alikuwa anakodisha na kutengeneza jukebox, yale makabati ya muziki ya kwenye baa: unatumbukiza sarafu, unachagua wimbo, linakuimbia. Yaani ni biashara ya Haji kabisa, mashine yangu, sarafu yako. Mwaka 1973 wakahamia mashine za michezo, na mwaka 1981 wakatoa Frogger, chura anayevuka barabara iliyojaa magari. Mtu aliyewahi kuvuka pale Kalerwe, Kampala, saa kumi na mbili jioni hahitaji kuelezwa zaidi.

Kuna kisa kimoja cha wakati ule nakipenda sana. Mwaka 1986 fundi wao mmoja, Kazuhisa Hashimoto, alikuwa anahamisha gemu ya ndege za anga za juu, Gradius, kutoka mashine kubwa kuipeleka kwenye konsoli ya nyumbani ya Nintendo. Ikawa ngumu mno, yeye mwenyewe anaitengeneza na haimalizi! Akajiwekea njia ya panya: juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A. Ukibonyeza hivyo unapewa silaha karibu zote. Gemu ikaenda sokoni na njia ya panya ikiwa bado imo ndani. Baadaye wakaiweka na kwenye gemu yao nyingine, Contra ya Nintendo, ukiibonyeza unapata roho 30. Wale mliocheza Contra kwenye zile konsoli za kaseti za manjano, vidole vyenu bado vinakumbuka. Hashimoto alifariki mwaka 2020.

Sasa tufike kwenye studio, maana hapa ndipo penye utamu.

Katikati ya miaka ya 90 Konami walijigawa. Badala ya karakana moja kubwa wakaanzisha nyumba ndogondogo, kila moja na mji wake: Osaka, Tokyo, Kobe, Nagoya, Sapporo. Zote zikiitwa Konami Computer Entertainment, halafu jina la mji. Na walizipa uhuru kiasi kwamba nyumba mbili za baba mmoja zilikuwa zinatengeneza gemu mbili za mpira kwa wakati mmoja. Osaka wana International Superstar Soccer, kwa kifupi ISS. Tokyo wana Winning Eleven, iliyotoka mwaka 1995 kwenye PlayStation. Halafu Winning Eleven ikifika Ulaya inauzwa kwa jina la ISS Pro, yaani imevaa jezi ya ndugu yake wa Osaka! Mkanganyiko mtupu. Ilipofika 2001 ndipo ile ya Tokyo ikapewa jina lake Ulaya, Pro Evolution Soccer, na sisi tukaikata ikawa PES.

Nyumba hiyo ya Tokyo ilikuwa na watu. Ndiyo iliyotoa Castlevania: Symphony of the Night mwaka 1997. Ndiyo iliyokuwa na kundi la Team Silent, waliotoa Silent Hill mwaka 1999, gemu ya ukungu na king'ora ambayo mimi niliicheza mara moja tu, usiku, na sikurudia. Na hapohapo, kwenye nyumba hiyohiyo, kulikuwa na Shingo Takatsuka, wanamwita Seabass, anapika PES. Mizimu huku, penalti kule. Wakati huohuo nyumba nyingine ya Tokyo ilikuwa mikononi mwa Hideo Kojima, na mwaka 1998 akatoa Metal Gear Solid. Mimi kwangu hakuna kampuni ya gemu iliyokuwa na miaka mizuri kuliko hiyo. Mkinibishia poa, lakini njooni na majina.

PES 6 ya mwaka 2006 ndiyo iliyotufikia Walukuba, kwenye PlayStation 2 na TV ya kichogo. Ligi ya Uingereza ilikuwa na leseni ya wengine, EA wenye gemu ya FIFA, kwa hiyo Konami walilazimika kubuni majina. Liverpool wakaitwa Merseyside Red. Chelsea, London FC. Na katika matoleo ya zamani zaidi Roberto Carlos aliitwa Roberto Larcos. Unadhani ilitusumbua? Wala. Tulikuwa tunajua London FC ni nani, na Adriano wa Inter alijulikana kwa jina lake halisi kwa sababu akipiga shuti kutoka popote pale, kipa anaingia na mpira. Haji akatangaza marufuku: hakuna kuchukua Inter kwenye mechi za dau la soda.

Na niseme ukweli hapa, diski za Haji zilikuwa za kuchoma, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Zile samaki zetu zote hazikufika Osaka hata moja.

Basi, mwaka 2005 Konami waliziunganisha studio zao ndani ya kampuni mama. Kundi la Kojima lilibaki na jina, Kojima Productions. Team Silent ilikuwa imeshasambaratika baada ya Silent Hill ya nne, ya mwaka 2004, na zilizofuata zikapelekwa kwa studio za nje, Uingereza, Marekani, hadi Jamhuri ya Cheki. PES nayo ikaingia PlayStation 3 ikichechemea. Kwenye PS2 bado ni mfalme, kwenye mashine mpya FIFA wanaipita kila mwaka. Mwaka 2012 wakaimeza kabisa Hudson, wenye Bomberman, ile ya mabomu. Sitaki kuingia kwenye mazoezi ya viungo, lakini ndiyo, Konami wana jimu pia. Na wana kampuni Las Vegas inayotengeneza mashine za kamari. Sarafu tena, mnaona?

Kisa cha Kojima mnakijua. Mwaka 2014 alitoa P.T., korido moja tu ya nyumba unayozunguka humo ukiogopa, kionjo cha Silent Hill mpya. Mwaka uliofuata Konami wakaifuta hiyo Silent Hill, wakaiondoa P.T. dukani, na Desemba Kojima akawa ameondoka kuanzisha kampuni yake. Kinachonichekesha ni hiki: injini ya Fox, yaani programu inayoendesha gemu, iliyotengenezwa na watu wake kwa ajili ya Metal Gear, ilikuwa imeazimwa na PES tangu toleo la 2014. Mwenyewe akaondoka, injini ikabaki inawakimbiza kina Messi kwenye konsoli mpaka PES 2021.

Kisha, 30 Septemba 2021, wakalifuta jina la PES na kuleta eFootball. Injini mpya, bei bure. Siku ile ilikuwa aibu. Nyuso za wachezaji zimeyeyuka kama mshumaa, watu wanapitana mwilini, na kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, ikawa miongoni mwa gemu zilizopewa alama mbaya kuliko zote. Kesho yake wakaomba radhi. Toleo walilolihesabu kuwa la kwanza kamili lilikuja Aprili 2022, na kwenye simu ikaingia Juni mwaka huohuo.

Sasa nawasha. Tazameni kioo.

Simu hii ni ya kawaida, siyo ya bosi. Mechi imeanza... pasi, pasi, angalieni huyu kiungo anavyougeuza mwili kabla ya kupokea. Hapo ndipo ile Tokyo ya zamani bado ipo. Mpira una uzito. Pasi ya kupenyeza ukiichelewesha nusu sekunde, beki anaiziba, ukiiwahi, inakwenda haswa mbele ya mguu. FIFA za simu nilizocheza hazijanipa hilo. Kubonyeza kioo badala ya padi kunaumiza kidole gumba, hilo halina dawa, lakini mpira wenyewe ni mtamu. Naupa saba kati ya kumi.

Haya, ona... imekwama. Mduara unazunguka. Bila intaneti nzuri karibu kila kitu humu kinasimama, na mtandao ukiyumba dakika ya 80 unahesabiwa umeshindwa. Hapo kibanda kilikuwa bora: umeme ukikatika Haji alikurudishia samaki wako. Na jiandaeni, inameza giga kadhaa kabla hujagusa mpira, pakueni usiku kwenye bando la bei ya chini.

Na hapa ndipo pabaya. Natoka kwenye mechi, naingia dukani. Sarafu. Wameziita hivyohivyo, sarafu. Unanunua sarafu kwa pesa halisi, unazitoa upate nafasi ya kubahatisha mchezaji mkubwa. Kubahatisha, sijasema kununua. Unaweza kutoa sarafu nyingi na usimpate unayemtaka. Mwenye pesa anakuja na kikosi cha malaika, wewe na vijana wako wa bure unapigwa nne, na hakuna Haji wa kusema Inter marufuku. Upande huo naupa mbili.

Kwa hiyo jibu langu: pakua, cheza matukio ya bure, ingia kila siku uchukue zawadi zao, usitoe hata shilingi. Mwenye konsoli, Silent Hill 2 mpya ya 2024 na Metal Gear Solid Delta ya 2025 ndizo zinazostahili pesa yako kwa Konami sasa hivi, ingawa ile ya Silent Hill imetengenezwa Poland na studio ya Bloober Team. Kazi ya mikono ya wengine, jina la Konami juu.

Jana mtoto wa dada yangu alikuja ameshika simu yake. "Mjomba, nipe elfu tano ninunue sarafu, kuna kifurushi kinaisha leo usiku." Nikamwambia kaa hapa, tucheze mechi moja, ukinifunga nakupa. Kanifunga tatu moja. Nikampa hii ya samaki, nikamwambia apishe, zamu ya mwenzake.