Unajenga kompyuta Arusha? Anza na soketi

Wengi wakiingia dukani huuliza, "i5 au Ryzen?", yaani prosesa ya Intel au ya AMD. Wameruka hatua. Soketi, yaani mahali prosesa inapokaa, ndiyo inayoamua utanunua mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) ipi, ramu ipi, na kama baadaye utabadilisha prosesa peke yake au utang'oa kila kitu. Huku kwetu kifaa kisichopatikana mjini kinaagizwa Kariakoo na kuja na basi. Kikiwa kibovu, kinarudi na basi. Mpangilio wangu wa soketi umezingatia hilo.

Ya kwanza ni Intel LGA1700, na prosesa ninayoipendekeza ni Core i5-12400. Ina viini 6 na grafiki yake ndani (sehemu inayotoa picha kwenye skrini), kwa hiyo kwa steshenari, ofisi au kuhariri picha za safari huhitaji kadi ya ziada. Inakula wati 65 kwa kawaida, hadi 117 ikikazana. Umeme ukikatika, UPS ya kawaida inakupa muda wa kuhifadhi kazi. Tafuta mazabodi ya DDR4, na usome boksi: DDR4 na DDR5 ni aina mbili za ramu, haziingiliani. Angalia pia herufi ya mwisho. i5-12400F haina grafiki. Mimi nililetewa hiyo F, nikashinda nusu siku nikilaumu skrini.

Soketi hiyo hiyo inabeba i7 na i9 za kizazi cha 13 na 14. Za mtumba ziogope. Nyingi zilikuwa na kasoro ya volteji iliyozichakaza. Marekebisho ya 2024 ya bayosi (programu ya mazabodi inayoiamsha kompyuta) yanazuia madhara, hayaponyi chipu iliyokwisha kuumia.

Ya pili, AMD AM5. Ni ya mwenye uwezo wa kulipia DDR5 leo ili kesho abadilishe prosesa tu, maana AMD imeahidi kuihudumia hadi 2027 na kuendelea. Ryzen 5 7600 inatosha. Ukiiwasha mara ya kwanza skrini inaweza kubaki nyeusi dakika kadhaa ikizoeana na ramu. Usiizime.

AM4, nayo ya AMD, ni ya tatu: imezeeka, lakini kama tayari una ramu za DDR4 chukua Ryzen 5 5600G, siyo 5600, ambayo haina grafiki. Miguu yake iko kwenye prosesa yenyewe, kwa hiyo ya mtumba igeuze uikague.

LGA1851, soketi nyingine ya Intel, naiweka mwisho. DDR5 tu, na mazabodi zake ni ghali.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji aiwashe hapo hapo kaunta, aingie bayosi, usome jina la prosesa kwa macho yako.