Perege wa Nyumba ya Mungu: wa jioni hii au wa kujaza friza?

Sisi wa Moshi tunaoteremka na ndoano Jumamosi hadi bwawa la Nyumba ya Mungu tuna njia mbili: kurudi na samaki wanne watano wa jioni ileile, au kujaza ndoo ya kula miezi kadhaa.

Friza ina hoja zake. Mafuta ya gari unatia mara moja, na perege hana mafuta mengi mwilini, hivyo kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri anakaa hata miezi 6 akiwa mzuri. Kambare mnono mmalize ndani ya miezi 3. Ila watoe matumbo na matamvua palepale bwawani, uwafunge mmoja mmoja, hewa isibaki. Umeme ukikatika, friza iliyojaa na isiyofunguliwa hushika baridi kama siku 2. Iliyo nusu, siku 1.

Wachache wa jioni ni watamu zaidi, hilo halina ubishi. Lakini kinachonigusa mimi ni mdomo wa perege jike. Siku moja nilimtoa mmoja kwenye ndoano, mayai ya manjano yakanimwagikia kiganjani. Huatamia mdomoni, na vifaranga wakitishika hukimbilia humohumo. Ukimtia kwenye ndoo, umebeba kizazi kizima, na bwawa hili limewahi kufungwa lisivuliwe ili samaki waongezeke.

Kwa hiyo nachukua wachache. Kwenye friza naweka watatu tu, wa mgeni wa ghafla, na jike mwenye mayai namrudisha majini hapohapo.