Msumeno wa betri au wa waya: upi ununue?
Kwenye misumeno ya bledi inayokwenda mbele na nyuma, ubishi huu hauishi. Kwa bei, wa waya unashinda: unanunua mara moja, basi. Wa betri mara nyingi huuzwa mtupu, na betri ya volti 18 pamoja na chaja vinaweza kuuzidi bei msumeno wenyewe. Ila ukiwa tayari na drili ya betri zilezile, hesabu inageuka.

Fundi bomba anayehangaika juu ya paa au kwenye saiti isiyo na umeme achukue wa betri. Hana waya wa kuukata kwa bahati mbaya. Anayebomoa fremu za milango kutwa nzima, soketi ikiwa karibu, wa waya utamfaa zaidi.

Matunzo? Wa waya hula kaboni za mota, yaani vipande vinavyopitisha umeme kwenye mota na kuisha kwa kusuguliwa. Betri huuawa na joto, usiiache kwenye gari juani.

Usalama ndipo watu huudharau wa betri, eti mdogo. Kandamiza kisahani cha mbele kwenye kitu unachokata, la sivyo mashine itakurusharusha. Vaa miwani. Toa betri, au chomoa plagi, kabla ya kubadili bledi, nayo huwa ya moto. Meno 6 hadi 10 kwa inchi ni ya mbao. 14 hadi 24 ni ya chuma. Kabla ya kukata ukuta, zima umeme kwenye meni swichi: betri yako haizuii bledi kugonga nyaya za nyumba.