Kamera niliyokodi Kisumu ilikuwa imehamishwa fokasi na hakuna aliyeniambia

Naandika haya nikiwa na hasira, na hasira yenyewe sasa ina wiki kadhaa. Kama una harusi ya kupiga picha upande wa Kisumu ama Kakamega na unategemea kamera ya kukodi, nisome kabla hujatoa pesa.

Kamera yangu iliingia maji wakati wa mvua, ikabidi nikodi. Duka liko katikati ya mji, orofa ya juu. Jina silitaji. Nililipia siku mbili, nikaacha depositi na kitambulisho. Kijana wa kaunta alikuwa kwa simu muda wote. Nilimwomba dakika tano tu airudishe kamera ilivyotoka kiwandani, kwa sababu kamera ya aina hiyo sikuwa nimewahi kuitumia. Akanisukumia mkoba. "Iko sawa, sista. Watu wanaitumia kila wikendi." Nikasimama mlangoni, nikapiga picha mbili za maduka ya ng'ambo ya barabara. Zikatoka safi. Nikashuka ngazi.

Hizo picha mbili ndizo zilizonidanganya.

Harusi ilikuwa Shinyalu, upande wa Kakamega. Anayekujua kule anajua bi harusi haingii nyumbani kimyakimya. Isukuti inamtangulia: ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pembe, njuga, na wachezaji ambao mabega yao hayatulii hata nukta moja. UNESCO iliiweka isukuti ya Waisukha na Waidakho kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka, mwaka 2014, na mimi tangu hapo kila nikiipiga picha huona nina deni kwa wale wazee wenye ngoma. Siendi pale kubahatisha.

Kwa hivyo nilijipanga usiku wa kuamkia harusi, stima imepotea, nikitumia mwanga wa skrini ya kamera yenyewe. Watu wakisogea hutumii ile fokasi inayoshika mara moja na kukwama, ambayo Canon huiita One Shot na Nikon na Sony huiita AF-S. Hiyo ni ya mtu aliyeketi. Unataka inayomfuata mtu bila kuacha, AI Servo ama AF-C. Kasi ya shata nikaweka 1/500 ya sekunde. Kwa mtu anayetembea tu 1/250 ingenitosha, lakini si kwa mabega ya isukuti. Sikuiachia kamera eneo lote ijichagulie, maana mara nyingi hukimbilia kilicho karibu, na kwenye msafara kilicho karibu ni mkono wa mpiga ngoma, si uso wa bi harusi. Nikachagua kundi dogo la nukta za fokasi za katikati. Nikapunguza na wepesi wa fokasi kuruka, ili mtu akikatiza mbele yangu ingoje kidogo kabla ya kumwacha ninayemtaka. Menyu baada ya menyu, mpaka macho yakauma.

Asubuhi mwenzangu akabaki ndani na bi harusi anapovaa. Mimi kazi yangu ya kwanza ilikuwa msafara. Nikatembea kinyumenyume mbele yao, na walipofika uani mama ya bi harusi akatoka kumpokea binti yake. Akamshika uso kwa mikono yote miwili, ngoma zimewazunguka, akawa anamwambia kitu ambacho sisi wengine hatukukisikia. Nilikuwa mita mbili kutoka kwao. Nikapiga mfululizo. Kamera haikutoa ule mlio wa kushika fokasi, wala sikushtuka, kwa sababu ukiwa kwenye servo kwa kawaida hailii. Kwenye skrini ndogo, juani, kila kitu kilikaa sawa.

Wakati wa chakula nikakuza picha moja. Mabati ya nyumba iliyo nyuma yao unaweza kuhesabu misumari. Migomba iko kali, kila jani. Nyuso mbili zilizokuwa mbele yangu ni ukungu mtupu. Nikafungua ya pili, ya tatu, ya kumi. Picha arobaini na kitu, zote ni hivyo. Mikono ikaanza kunitetemeka, mwenzangu akanipa kamera yake ya akiba, nikamalizia siku nayo bila kula.

Aliyekodi kabla yangu alikuwa ameiondoa fokasi kwenye kitufe cha shata na kuihamishia kitufe cha nyuma, kile cha AF-ON kinachofikiwa na kidole gumba. Ukibonyeza shata, lenzi haisogei. Inabaki ilipoachwa, nayo iliachwa mbali. Ndiyo maana maduka ya ng'ambo yalitoka safi. Mipangilio yangu yote ya usiku ilikuwa sahihi, ila hakuna iliyowahi kufanya kazi hata mara moja.

Niliporudisha nilimweleza yule kijana taratibu, nikamwonyesha na menyu yenyewe. Hakuiangalia. "Kamera haina shida, sista. Hapa tunakodisha, hatufundishi." Wateja wawili walikuwa wamesimama pale. Mmoja akacheka. Kisha nikakatwa sehemu ya depositi kwa kuchelewa saa moja. Pesa ningeisamehe. Kile kicheko hapana.

Hata hivyo lazima niiseme kamera kwa haki. Siku ya pili ya kukodi nilikuwa nayo bado, nikashuka Dunga, pale wavuvi wanapoingiza mashua, nikajaribu hicho kitufe cha nyuma kwa watoto waliokuwa wakikimbizana. Ukikandamiza kidole gumba, fokasi inamfuata mtoto. Akisimama, unaachilia, inatulia pale pale, unapanga picha yako bila kugusa menyu. Akikimbia tena, unakandamiza tena. Karibu zote zilitoka kali, hadi kope. Mimi fokasi kwenye shata sirudi, nimeshaihamisha hata kwenye kamera yangu iliyotoka kwa fundi. Na lenzi za duka lile ni safi, hazina ukungu wala mikwaruzo. Nilikuwa nimeanza kuandika kwamba huenda nikakodi kwao tena, mradi nijirudishie mipangilio mwenyewe, na nipige mkono wangu kwa karibu kabla ya kupiga mbali. Hilo la kutojaribu kwa karibu ni kosa langu, nalibeba.

Nilikuwa nawapa nyota tatu.

Halafu jana jioni mama ya bi harusi akanipigia. Hakuniuliza albamu itakuwa tayari lini, wala habari ya bei. "Mwanangu, ile nilipomshika uso, imetoka?" Nikamwambia bado nazipanga. Akanishukuru, akaniombea baraka, akakata simu.

Futeni nilichosema kuhusu kukodi tena. Nyota moja, na hiyo ni ya kamera.